Nilivyokuwa Karani wa Sinia Letu

Ilianza siku ya Jumanne, saa nne kasoro dakika kumi asubuhi, kwenye benchi la kliniki ya watoto hapa Amu. Saa naijua kwa sababu niliiandika juu ya ukurasa wa kwanza wa daftari, kabla sijaandika jina la mtu yeyote. Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Sasa nina kumi na saba na nimestaafu.

Msicheke. Kazi ni kazi. Nimeifanya mwaka mmoja na miezi saba, nimejaza madaftari manne na nusu, na juzi nimemkabidhi mwingine. Madam Kerubo, mtaalamu wetu wa lishe, alinitaka nije niseme nanyi siku ya Alhamisi, ninyi ndugu wakubwa wa watoto wapya, kwa sababu mtapewa daftari kama nilivyopewa mimi. Nilimwambia siwezi kusema mbele ya watu. Akanijibu, "Basi andika, si ndiyo kazi yako?" Kwa hivyo naandika. Kama mlimwona msichana wa buibui amesimama nyuma ya mizani akijifanya anasoma tangazo la chanjo, huyo ni mimi. Tangazo lile nalijua kwa moyo.

Nitawaambia kwanza tulifikaje pale. Mdogo wangu Lali alikuwa na miaka tisa. Alikuwa mnene tangu mdogo na hakuna aliyeona neno. Bibi yetu alikuwa akimshika mashavu na kumshukuru Mungu. Kisha akaanza kukoroma kama mtu mzima, na akipanda ngazi za nyumbani hukaa katikati kupumua. Wakampima damu. Madam akasema sukari yake imeanza kupanda, haijafika pabaya, lakini njia inayokwenda ni ile ya pabaya, na ikiendelea hivyo ataanzishwa dawa. Babu yetu alikatwa mguu kwa ajili ya sukari. Kila mtu nyumbani anaukumbuka ule mguu kuliko anavyoukumbuka uso wa Babu. Basi neno sukari lilipotajwa, Mama alikaa chini, na Baba, ambaye ni fundi muashi na hajui kukaa bure, akaanza kukwangua rangi ya ukuta wa kliniki kwa ukucha.

"Matibabu haya si ya Lali," Madam akasema. "Ni ya nyumba. Mtoto hawezi kubadilika peke yake katika nyumba iliyokaa vilevile. Wakubwa mnatangulia, yeye anafuata. Na lazima mtu aandike kila kinacholiwa, na kila anayekula."

Mama akamtazama Baba. Baba akatazama ukuta. Bibi akanitazama mimi.

"Huyu," Bibi akasema. "Huyu haneni, lakini huandika."

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi. Sikuomba.

Vyakula tuligawiwa kwa rangi tatu. Vya kijani ule utakavyo: mchicha, matango, mronge, maembe kwa kiasi. Vya manjano ule na ujue umekula: wali, samaki, ndizi, maharagwe. Vyekundu havikatazwi, lakini vinahesabiwa: mahamri, viazi karai, kaimati, kashata, soda. Bibi aliposomewa orodha aliuliza wali wa nazi uko wapi. Nikamwambia manjano, ila tui likiwa zito unasogea kwenye wekundu.

"Mtele wa nazi mwekundu?" Bibi akasema. "Una damu? Nimeula miaka sabini, sikuona hata tone."

Sasa niwaambie shida ya kwanza ya kazi hii, ambayo Madam hakuijua maana kwao Kisii kila mtu ana sahani yake. Kwetu tunakula sinia moja, sote watano. Wewe karani utajuaje mtu mmoja kala kiasi gani? Wiki ya kwanza niliandika: "Lali, wali, kiasi."

"Kiasi gani?" Madam akauliza.

"Kiasi chake."

"Chake ni kipi?"

Wiki ya pili nikaanza kuhesabu matonge. Jambo hili msilifanye. Unadhani unahesabu moyoni, kumbe midomo inacheza. Baba aliniangalia siku tatu, ya nne akauliza, "Swabra, wasoma dua gani?" Na Lali alipojua matonge yanahesabiwa, akayakuza. Siku ya kwanza tonge lake lilikuwa kama yai la kuku. Ilipofika Ijumaa lilikuwa kama la bata. Daftari langu likaonyesha amepunguza.

Ndipo Madam akasema kila mtu nyumbani apakuliwe kwenye sahani yake, kwa muda tu, ili tuone. Alisema kila mtu. Nilikuwepo, na niliandika. Lakini tulipofika nyumbani Bibi akasema yeye haumwi, hajaacha sinia tangu aolewe, na mwenye kuumwa ndiye apewe sahani. Hakuna aliyembishia. Akaenda kwenye kidaka cha ukutani akateremsha sahani ya maua ya samawati, ile inayoshushwa akija mgeni tu. Nataka muelewe kwamba alikusudia heshima.

Lali akakaa mkekani, mkono mmoja mbali nasi. Akaitazama sahani. Akatutazama sisi wanne, mikono yetu imo ndani ya sinia.

"Bibi, mimi ni mgeni?"

"Hata, mwanangu. Sahani nzuri hiyo, ya watu wakubwa."

"Mgeni huenda zake," Lali akasema, akaanza kula.

Mgeni kwetu hali mpaka sahani ikaisha, kwa sababu haiachwi ikaisha. Mkono wa Bibi, ukiiona ile sahani ya maua ina nafasi, hauwezi kutulia. Umefunzwa hivyo toka utotoni. Lali akimaliza, Bibi anaongeza huku anazungumza habari nyingine kabisa. Hata mwenyewe hakujua. Niliandika siku ile: "Wali sahani moja, kisha nusu, kisha nusu, kisha ukoko." Tulimtenga mtoto ili ale kidogo, akala zaidi, na akala kwa huzuni. Jumanne mizani ikasema tulichofanya. Madam alisoma daftari, akauliza sahani ilikuwa ya namna gani, nikamweleza. Akafunika uso kwa kiganja. Sijui kama alikuwa akicheka.

Basi kama kwenu mnakula sinia, ama nyote mhamie sahani, ama nyote mbaki siniani. Hapa katikati msikae. Sisi tulirudi siniani, ila Mama akaanza kupakua wali upande mmoja na mboga upande wa pili, na mboga ikawa nyingi, kwa wote. Baba alilalamika kuwa mchicha si chakula cha mtu anayebeba mawe. Mama akamwambia, "Punda anayekubebea mawe hula nini?" Hakulalamika tena mbele ya watu.

Mambo mengine tuliyafanya vizuri bila kujua. Nyumba zetu hizi za mawe jiko liko juu kabisa. Zamani mkebe wa kashata ulikaa chini ya kitanda cha Bibi na birika la maji lilikuwa kila sakafu. Tukaupandisha mkebe juu, na maji yote juu. Mwenye kutaka kitu apande. Madam alifurahi kuliko nilivyowahi kumwona; alisema chakula kikiwa mbali na jicho, tumbo husahau. Aliyeumia ni Bibi, maana magoti yake hayana urafiki na ngazi. Alikuwa akimwita Lali, "Ndoo hapa mwanangu, niletee kashata moja," Lali anapanda, analeta, anapanda tena kurudisha mkebe. Wiki mbili tulisifia mazoezi ya Lali bila kuuliza alikuwa akifanya nini juu na mkebe wazi.

Kuhusu kutembea, nina ushauri mmoja: msiseme "mazoezi." Mtoto mnene akisikia neno hilo huona watu wamekaa kumtazama. Mimi nilikuwa nikimwambia Mama amenituma uzi, twende. Mwanzo tulipita ukingoni mwa bahari, penye vibaraza na vijana. "Lali, mwambie punda akupokee mzigo!" mmoja alipiga kelele, na mwingine akajibu, "Punda nani, huyo mwembamba anayemfuata?" Punda mwembamba nilikuwa mimi. Tukahamia vichochoro vya ndani, ambavyo vina vipandio vingi na watu wachache. Ni njia ndefu zaidi. Hiyo ndiyo faida yake.

Na kusifu. Madam alitufunza kumsifu mtoto kwa alichofanya, sio kwa uzito wake. Useme umekataa soda, umepanda ngazi, si umepungua. Mama aliweza upesi. Baba ilimtaabisha. Alijaribu siku nzima, hatimaye akamsimamisha Lali, akamtazama juu hadi chini kama anayekagua ukuta, akasema, "Sawa. Umenyooka." Lali aliringa nalo wiki nzima.

Ramadhani ndiyo iliyotutoa jasho. Mnajua desturi: sahani ya jirani hairudi tupu. Jirani yetu Bi Mwanakombo alituletea kaimati zinazoogelea kwenye shira. Tukamrudishia sahani na vipande vya embe na tikiti. Kesho yake akaleta tena, tukarudisha tango na maembe. Siku ya tatu akaja mwenyewe.

"Mwanangu," akamwambia Mama, "kwenu kuna nini? Mmeishiwa unga?"

Mama aliona haya kusema ukweli. Akajibu kuwa jiko limeharibika. Hili ni kosa ambalo naamini ni la Amu tu. Jirani akisikia jiko lako limeharibika, hakuachi. Siku ile ile zilikuja kaimati mara mbili, mkate wa sinia, na visheti kutoka nyumba ya nyuma ambayo hata hatujazoeana nayo. Nilijaza kurasa mbili kwa wino mwekundu, na kalamu ikaisha.

Bibi ndiye aliyemaliza neno. Alivaa buibui, akapitia mlango wa ndani unaotuunganisha na jirani, akamwambia Bi Mwanakombo bila kuzungusha, "Mjukuu wangu sukari yapanda. Kaimati zako ni tamu mno, ndizo zinazotuua." Nilikuwa nyuma yake nikitamani ardhi inimeze. Bi Mwanakombo akasema, "Mbona hukunena mapema? Na mimi wangu wa mwisho mnene." Tangu siku hiyo sahani yake ilikuja na samaki wa kuchoma. Kwa hivyo, waambieni majirani. Haya yenu ya siku moja ni nafuu kuliko huruma yao ya mwezi mzima.

Nimekuwa nikizunguka. Kuna jambo ambalo Madam hakuniambia niliandike wala nisiliandike, na nikiliacha nitakuwa nimewadanganya.

Mwezi wa nne wa kazi, mimi na Lali tulikuwa njiani kwenda kununua uzi, wa kweli safari hii. Akaniambia, kwa sauti ya kawaida kama anayetaja matokeo ya mpira, kwamba kuna wavulana watatu wanaosimama kwa muuza viazi karai karibu na chuo chake cha Kurani. Wakimwona humwambia, "Lali, tikisa." Yeye hutikisa tumbo. Wakicheka sana humpa kiazi. "Jana vinne," akasema. Kisha akasema, "Usimwambie mtu."

Nikasema sawa.

Tuliporudi niliandika: "Viazi karai vinne. Alipewa na wavulana kwa kutikisa tumbo." Nitawaambia kwa nini. Sikuwa na nia mbaya, na wala sikusahau ahadi. Madam alikuwa amenisifu wiki ile kwamba daftari langu ndilo kamili kuliko yote, na mimi si mtu wa kusifiwa mara nyingi. Nilitaka liwe kamili. Nikajiambia kuandika si kusema.

Jumanne tulikaa chumba kimoja na familia nyingine kutoka Matondoni, maana siku ile ilikuwa ya mazungumzo ya pamoja. Mzazi husoma wiki ya nyumba yake. Mama akafungua daftari akasoma, hajalipitia kabla, anasoma tu kama mtu asomaye orodha ya sokoni. Sentensi ile ilikuwa fupi. Kabla hajajua anasoma nini alikuwa ameimaliza.

Hakuna aliyecheka. Ingekuwa afadhali. Msichana wa ile familia, wa umri wa Lali, alimtazama tumboni, kisha akatazama lake.

"Wana wa nani hao?" Bibi akauliza. Lali hakunitazama. Alikuwa akitazama mwisho wa kamba ya kiatu chake.

Baba alimuuliza muuza viazi, akaenda kwa baba zao wale wavulana, kwa nia njema. Waliadhibiwa. Wakaanza kumwita Lali kasuku, yule anayepeleka maneno. Yeye hakuwa amepeleka neno lolote. Aliyepeleka ni mimi.

Kuanzia hapo nilikuwa nikimuuliza, "Leo umekula nini nje?" naye hujibu, "Hamna." Niliandika hamna siku kumi na mbili. Siniani alikuwa akila matonge mawili matatu, anaosha mikono, anapanda juu. Jumanne iliyofuata mizani ilipanda, na ile baada yake ikapanda tena. Madam aliweka daftari langu karibu na karatasi yake ya uzito, akazitazama zote mbili.

"Swabra, daftari linasema huyu mtoto anaishi kwa mchicha," akasema polepole. "Damu tunapima mwezi ujao. Ikiwa imepanda kama huu uzito ulivyopanda, tutaongea habari ya dawa. Mimi sitaki kuongea habari ya dawa na mtoto wa miaka tisa. Wewe wataka?"

Nilitikisa kichwa.

Nilijua la kufanya, na sikuweza kulifanya. Mara tatu nilimfuata Lali hadi mlangoni na mdomo ukagoma. Mwishowe nikaandika kwenye kikaratasi, "Nisamehe, nilikosa, sitaandika tena bila kukuuliza," nikakitia ndani ya kiatu chake. Akavaa kiatu, akaenda chuoni, akarudi. Niliangalia kiatu baadaye. Kikaratasi kilikuwa mlemle, kimelowa jasho, wino umekuwa doa la samawati. Sikujua kama alikisoma au alikikanyaga tu.

Bibi yetu hasomi herufi hizi za shule. Anaandika kwa herufi za Kiarabu, Kiswahili chake chenyewe, na kwa miaka yote sikuwahi kumwona akiandika ila majina ya waliokufa nyuma ya msahafu. Alasiri moja aliniita, Lali yupo pembeni anashona mfuko wa mpira uliotatuka. Akataka daftari na kalamu. Akaligeuza, akaanza kuandika kutoka kulia kwenda kushoto, kwa safu yake mwenyewe. Ilimchukua muda mrefu. Akanirudishia.

"Soma," akasema. "Na usome kwa sauti. Lali asikie."

Nikasoma. Aliandika: "Jana nilimpa Lali kashata mbili na mlango nimeufunga. Nilimwambia asinene. Juzi pia mbili. Mimi ndimi niliyemfunza kusema hamna."

Lali aliacha sindano.

"Tatu, Bibi," akasema. "Za juzi zilikuwa tatu."

"Zilikuwa tatu," Bibi akakubali. "Andika, Swabra. Tatu."

Kisha Lali akataja mengine. Viazi, bado, ila sasa alikuwa akivinunua kwa kijana mwingine upande wa pili ili wale watatu wasimwone. Soda. Mkate wa Bi Mwanakombo. Alitaja kila kitu kwa siku kumi na mbili, anakumbuka kuliko daftari. Sikuinua kalamu. Nilimuuliza, "Haya niyaandike?" Akafikiri. "Andika chakula. Usiandike watu."

Nikaandika chakula. Halafu nikasema, kwa sauti ambayo sijui ilitoka wapi, "Na mimi nilikosa."

"Najua," Lali akasema. "Nilikanyaga barua yako."

Ndiyo yote. Hatukukumbatiana. Lakini kama mtachukua kitu kimoja katika karatasi hizi, chukueni hili: anachokwambia mtoto si mali ya daftari mpaka amekubali. Sasa hivi mtapewa karatasi zenye picha za vyakula, mtu anatia alama tu, na baadhi yenu mtatumia simu. Sina ugomvi na simu. Lakini mtoto akikata shauri kunyamaza, simu nayo itaandika hamna, tena kwa herufi nzuri.

Wiki ile ile Bibi akasema mkono wake umechoka. Kwetu, samaki akiwekwa katikati ya sinia, ni Bibi anayemmega na kusogeza pande mbele ya kila mtu. Hapo ndipo nilipofumbuka macho. Miezi yote nilikuwa nikihesabu mkono wa Lali, kumbe wa kuhesabu ulikuwa wa Bibi. Kila kinono alikuwa akikisukuma upande mmoja.

"Lali," Bibi akasema, "tangu leo wewe ndiwe umegao."

Mwenye kumega hujiwekea mwisho. Hilo halisemwi, linajulikana. Siku ya kwanza Lali alijiachia mkia. Bibi akatazama dari. Siku ya pili alipima kwa macho, akampa kila mtu sawa na yeye sawa. Ilipofika siku ya tano alikuwa mdhalimu kamili. "Baba, hiyo yakutosha, una shughuli gani leo? Si Ijumaa?" Baba akalitazama pande lake, akala. Lali hakupanda tena juu kabla ya wenzake kumaliza, maana kiongozi wa sinia haondoki watu wakiwa bado wanakula.

Damu ilipimwa. Sukari haikupanda. Haikushuka pia, mara ile; ilishuka kidogo mara iliyofuata. "Haijapanda," Madam alisema. "Hiyo ni habari njema, lakini msiipikie sherehe." Baba aliomba aone karatasi. Aliitazama muda mrefu, na hajui kusoma majibu ya damu. Akairudisha, akatoka nje, na tulipotoka tulimkuta amegeukia ukutani.

Lali sasa ana miaka kumi na mmoja. Bado ni mnene kuliko wenzake darasani, nisiwadanganye, lakini urefu umemkuta na ngazi za nyumbani anapanda mara moja. Madam alisema umri huu anaweza kushika daftari mwenyewe. Jumamosi iliyopita, baada ya alasiri, nilimkabidhi yote matano, na lile la tano bado lina kurasa. Nilidhani atalifungua hilo tu. Akakaa chini ya dirisha akayasoma yote, moja moja, kama mkaguzi.

"Dada," akasema. "Wewe uko wapi?"

"Wapi?"

"Humu. Kuna mimi, kuna Mama, Baba, Bibi. Bi Mwanakombo yumo mara tisa. Wewe humo."

"Mimi nilikuwa naandika."

"Kwani mwandishi hali?"

Bibi alicheka kitandani mpaka akakohoa. Mimi sikuona cha kucheka. Nilisema mimi ni mwembamba, halikunihusu. Lali akaniambia Madam alisema kila anayekula. Nikasema nitaangalia. Akasema, "Hamna, Dada, utaangalia nini?" akarudi kwenye kurasa zake.

Ukweli ni huu. Kila asubuhi nikitumwa maziwa hununua mahamri njiani, na huyala jikoni juu, kabla mtu hajapanda, nimeelekea ukuta. Nilianza mwezi wa kwanza wa daftari. Nilijiambia nafanya hivyo ili nisimtamanishe Lali. Labda wiki ya kwanza ilikuwa kweli. Baadaye nilikuwa naogopa tu kuwa mtu wa kuandikwa. Nilikuwa nimeona kuandikwa kukoje.

Jumapili asubuhi niliamka, nikaenda kuleta maziwa, nikanunua mahamri, nikapanda jikoni nikayala. Kisha nikateremka na kikombe changu cha chai. Lali alikuwa mkekani na daftari mapajani. Alikuwa amechora safu mpya kwa rula na kuandika jina langu juu, herufi zimelala upande. Hakuniuliza kitu.

"Mahamri matatu," nikamwambia. "Jikoni. Nimesimama."

Akaandika. "Na chai?"

"Sukari vijiko viwili."

"Vya kujaa?"

"Vya kujaa," nikasema, nikakaa chini.